Kesi yangu ya 2011 Marekani: FBI wanaiona, mahakama ya kaunti haiioni. Rekodi imekwenda wapi?

#1 Mti_Mkavu
Wakuu, salaam.

Mwaka 2011 nilikamatwa huku Marekani, usiku, natoka kazini. Watu wawili walikuwa wanapigana kwenye maegesho ya magari, mimi kimbelembele nikaenda kuamulia, polisi walipofika wakatuzoa wote watatu. Nikalala ndani usiku mmoja, nikapigwa picha, nikachukuliwa alama za vidole, nikalipiwa dhamana. Mahakamani nilikwenda mara mbili. Ile ya pili mwendesha mashtaka alisema maneno yake, jaji akasema yake, mkalimani hakuwepo, nikaonyeshwa mlango. Nikaenda nyumbani na sijarudi tena.

Sasa nataka kujaza fomu ya uraia, N-400. Inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa, na wanataka karatasi ya mahakama inayoonyesha iliishaje. Nikaomba rekodi yangu FBI, dola 18 na alama za vidole. Imerudi: tarehe ya kukamatwa ipo, kosa lipo, idara iliyonikamata ipo. Pale panapotakiwa kuandikwa matokeo ya kesi, patupu.

Nikaenda mahakama ya kaunti. Mama wa dirishani akaingiza jina, akaingiza tarehe ya kuzaliwa, akatikisa kichwa. Hamna kitu.

Naambiwa rekodi za mahakama huku ni za wazi, mpita njia tu anaweza kuingia akasoma. Mbona mimi mwenye kesi siioni? Jimbo sitaji, mniwie radhi.

#2 Kibatari
Napiga kambi hapa. Nina rafiki yangu ana shida kama hii.

#3 Mama Zawadi
Kibatari "rafiki yako" tunamfahamu, ana avata kama yako 😂

#4 Nyundo7
Mkuu #1 unajisumbua bure na madirisha. Kuna sheria inaitwa FOIA, ya mwaka 1966. Unaandika barua, ofisi ya serikali inalazimika kukupa. Ikishindikana ingia PACER, tovuti ya mahakama, unatafuta jina lako, kila ukurasa senti 10. Dakika tano umemaliza.

#5 MkalimaniWaZamu
Nyundo7, kwa heshima, yote mawili umekosea, na mtu akikufuata atapoteza miezi.

FOIA ni ya idara za serikali kuu tu. Mahakama haimo, polisi wa mji hawamo, sherifu wa kaunti hayumo. Kila jimbo lina sheria yake ya kuomba nyaraka, na mara nyingi mahakama zina kanuni zake kando. PACER nayo ni ya mahakama za serikali kuu. Ugomvi wa maegesho ni kesi ya jimbo, humo hutaikuta hata ukilipa milioni.

Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo hilo dirisha nalijua. Watu wanasema "rekodi yangu" kana kwamba ni faili moja lililokaa mahali pamoja. Lakini ukikamatwa unaacha karatasi sehemu nne. Polisi wana ripoti ya tukio. Jela ya sherifu ina kitabu cha kuingia na kutoka. Mwendesha mashtaka ana jalada lake, ambalo hakupi. Mahakama ina jalada la kesi. Juu ya hao kuna ofisi ya jimbo inayokusanya alama za vidole, na hiyo ndiyo inayopeleka FBI. Kila mmoja anaandika kwa wakati wake, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Ndiyo maana ya ule upatupu wako. Alama za vidole zilichukuliwa siku uliyokamatwa na kupelekwa. Matokeo ya kesi yanatakiwa yapelekwe baadaye na watu wengine kabisa, na hapo ndipo panapovuja. Rekodi yenye kukamatwa bila mwisho ni jambo la kawaida sana, usidhani ni wewe tu.

Swali kwako: pale dirishani uliomba nini, kwa maneno gani?

#6 Mti_Mkavu
Nilisema naomba rekodi yangu ya uhalifu. 🙈

#7 MkalimaniWaZamu
Ndiyo hapo. Karani wa mahakama hana "rekodi ya uhalifu" ya mtu, ana kesi. Ukisema hivyo wengine watakuelekeza polisi, polisi watakuelekeza jimboni, utazunguka kama pia. Sema unatafuta kesi ya jinai ya mwaka 2011, taja jina la siku ile, kisha sema unataka "certified disposition". Hayo maneno mawili yashike kwa Kiingereza hivyohivyo. Ni karatasi moja au mbili zenye kosa, tarehe, na kesi iliishaje, pamoja na muhuri wa karani. Ukipitisha kidole juu ya muhuri wa kubonyeza unausikia. Fotokopi bila muhuri watu wa uhamiaji wanaweza kuikataa.

#8 DerevaWaMasafa
Mimi swali langu ni moja tu: una uhakika mahakama ilikuwa ya KAUNTI?

Nilipata tiketi na kesi ndogo mwaka fulani, nikaitafuta kaunti siku mbili, hamna. Kumbe ilikuwa mahakama ya mji. Jengo jingine, kompyuta nyingine, karani mwingine, na wale wa kaunti hata hawakunidokeza. Majimbo mengi makosa madogo yanasikilizwa mahakama ya mji, na mfumo wake hauongei na wa kaunti.

Halafu mipaka ya huku ni mtihani. Kaunti ziko zaidi ya 3,000. Louisiana hawana kaunti, wanaziita parishi. St. Louis mji na St. Louis kaunti ni vitu viwili tofauti, Baltimore hivyohivyo. Virginia miji 38 haimo kwenye kaunti yoyote. Mtu anasema "nilikamatwa St. Louis", anakwenda kaunti, anaambiwa hamna, anarudi nyumbani anashukuru Mungu kesi imepotea. Kesi ipo palepale kwa jirani.

#9 Chandarua
Naunga mkono #8. Angalia ile karatasi ya FBI, idara iliyokukamata imeandikwa. Kama ni polisi wa mji, anza na mahakama ya mji.

#10 Mti_Mkavu
Imeandikwa polisi wa mji. Lakini jela nilipelekwa ya kaunti, na jengo la mahakama nalikumbuka, lina ngazi nyingi na bendera mbili. Sijui la nani.

#11 Nyundo7
Majengo yote ya mahakama Marekani yana ngazi nyingi na bendera mbili mkuu.

#12 Mtoto_wa_Januari
Mimi nina dawa nyingine kabisa. Mti_Mkavu, samahani kwa kukuchimba, ulikuja kama mkimbizi? Tarehe yako ya kuzaliwa ni 1 Januari?

Sisi tuliotoka kambini nusu ya ukoo tumezaliwa 1 Januari. Afisa hakupata cheti, akaandika mwaka wa kukisia na siku ya kwanza. Kwetu mume, mke na shemeji wanakata keki siku moja. Halafu majina. Wengine jina moja tu, wakaandikiwa FNU mbele, maana yake jina la kwanza halijulikani. Nina mjomba mpaka leo barua za benki zinamwita Bwana FNU.

Sasa polisi wa usiku anaandika anachosikia. Mimi jina la babu liliwekwa mwanzo, la kwangu likawa la mwisho, na herufi moja ikadondoka. Karani akitafuta nilivyo kwenye grinkadi hanioni. Alama za vidole hazikosei tahajia, ndiyo maana FBI wanakuona. Mahakama inatafuta kwa jina. Hilo ndilo jibu lako, mengine ni mapambo.

#13 Mama Zawadi
Bwana FNU 😂😂 nimecheka mpaka mtoto ameamka.

#14 MkalimaniWaZamu
#12 umeniwahi. Nimeona karani akijaribu namna sita za "Mwajuma" na kuikuta kwenye ya saba, iliyoanza na N. Mti_Mkavu, andika kwenye karatasi kila namna jina lako linavyoweza kugeuzwa, mpelekee. Makarani wengi watakusaidia ukiwapunguzia kazi. Wengine watakutoza ada kwa kila jina, uliza kwanza.

Ila angalizo: baadhi ya sehemu tarehe ya kuzaliwa haitumiki tena kutafuta. California, baada ya uamuzi wa mahakama ya rufaa mwaka 2021, mahakama zilianza kuondoa tarehe ya kuzaliwa kwenye utafutaji wa kesi za jinai mtandaoni. Unabaki na jina tu, na kama jina lako ni Juma Hassan, heri yako.

#15 Chandarua
Mbona kwingine kila kitu kipo wazi? Wisconsin unaingia mtandaoni bure unasoma kesi za jirani yako. Maryland bure. Missouri bure. Mke wangu alimchunguza fundi bomba wetu kabla hajaingia ndani.

#16 Kibatari
Alipata nini?

#17 Chandarua
Tiketi tatu za mwendokasi. Alikuja amechelewa hata hivyo.

#18 Wakili_Bubu
Wakuu, mimi si wakili wenu na hapa si ofisini, jina linajieleza.

Mnaulizana kwa nini jambo liko wazi na hapohapo limefichwa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya rais wa zamani Nixon na kampuni ya Warner, ilitambua haki ya umma kukagua na kunakili nyaraka za mahakama, ingawa ilisema haki hiyo ina mipaka. Mwaka 1989 mahakama hiyohiyo ilipewa swali jingine: waandishi wa habari walitaka FBI iwape orodha ya matukio ya jinai ya mtu mmoja. Wakakataliwa. Hoja ilikuwa kwamba karatasi zilizotawanyika kwenye mahakama za nchi nzima ni kitu kimoja, na orodha iliyokusanywa na serikali mahali pamoja ni kitu kingine, na hiyo ya pili ni faragha ya mtu.

Kwa hiyo mtu baki anaruhusiwa kupanda basi kutoka mahakama hadi mahakama kukusanya mambo yako, lakini FBI hawampi orodha iliyokusanywa tayari. Wewe mwenyewe unapewa yako. Waajiri wa kazi fulani wanapewa kwa sheria maalumu. Wengine wote wananunua kwa makampuni yaliyopanda hilo basi.

#19 Nyundo7
Basi kumbe ni usumbufu tu ndio unaitwa faragha.

#20 Wakili_Bubu
Umesema wewe. Ila usumbufu huo umewalinda wengi, na tangu kompyuta ziingie unapungua kila mwaka.

Kuhusu Mti_Mkavu, hakuna aliyetaja jambo hili: kesi inaweza kuwa imefungwa kisheria, yaani rekodi yake imezibwa mtu baki asiione. Pennsylvania walikuwa wa kwanza, 2018, kupitisha sheria ya kuziba baadhi ya rekodi zenyewe bila mtu kuomba. Michigan ufutaji wa kujiendesha ulianza Aprili 2023. New York kesi iliyoisha kwa kumwachia mshtakiwa hufungwa tangu zamani. Karani akiona kesi iliyofungwa, kwa mtu asiyejitambulisha anajibu kama vile haipo. Hakudanganyi, hiyo ndiyo amri aliyopewa. Ukienda na kitambulisho na kusema mimi ndiye mshtakiwa mwenyewe, jibu linaweza kubadilika.

Na tafadhali, kwa uhamiaji kufungwa kwa rekodi hakukuokoi. Kwenye fomu bado unasema ndiyo, nilikamatwa. Hata hukumu iliyofutwa na jimbo uhamiaji bado wanaihesabu kwa kawaida, kwa tafsiri yao wenyewe ya hukumu iliyowekwa kisheria mwaka 1996. Kama siku ile ulikiri kosa ili uende nyumbani, mambo ni mengine kabisa. Muone wakili wa uhamiaji KABLA ya kutuma fomu. Sitanii.

#21 Mti_Mkavu
Hapo umenitia baridi. Sikumbuki kukiri. Nilitikisa kichwa mara moja jaji aliponiuliza jambo.

#22 Mama Zawadi
Ulitikisa kwenda juu na chini au kushoto na kulia?

#23 Mti_Mkavu
Mama Zawadi ni miaka mingi imepita.

#24 Dungu_la_Kale
Vijana mnazunguka. Karatasi zimechomwa. Nilifanya usafi jengo la mahakama miaka kumi na moja, zamu ya usiku. Kila jimbo lina ratiba ya muda wa kutunza majalada, na makosa madogo muda wake ni mfupi. Ukifika wanayatoa kwenye makasha, mengine yanakwenda kwenye mikrofilamu, mengine kwenye mashine ya kukata. Nimeyazoa mwenyewe vipandevipande, mifuko ya plastiki mieupe, unaona nusu ya saini ya mtu, nusu ya jina. Ya 2011 yawezekana kabisa imeondoka.

#25 MkalimaniWaZamu
Mzee Dungu heshima yako. Jalada, ndiyo, linaweza kuharibiwa. Lakini daftari la kesi, lile lenye namba na matokeo kwa mstari mmoja, mara nyingi linabaki hata jalada likiondoka. Kwa hiyo aulize vyote viwili: jalada lipo? Na kama halipo, daftari linasemaje?

Na kama kweli hakuna kitu, aombe barua ya karani yenye muhuri inayosema wametafuta jina hili, tarehe hii, hawakukuta rekodi. Hiyo barua ndiyo karatasi yako. Wengi wanaambiwa "hamna" kwa mdomo wanaondoka mikono mitupu. Mdomo wa karani hauambatanishwi kwenye fomu.

#26 DerevaWaMasafa
Hii #25 ingekuwa ya kwanza kwenye uzi tungelala mapema.

#27 Kibatari
Na mwajiri je? Mimi, yaani rafiki yangu, kampuni ya kuchunguza watu imemletea kesi ya mtu mwingine. Jina linafanana, mwaka wa kuzaliwa unafanana. Kazi imeyeyuka.

#28 Wakili_Bubu
Rafiki yako ana haki chini ya sheria ya ripoti za wateja ya 1970. Mwajiri alitakiwa kumpa nakala ya ripoti kabla ya kumnyima kazi, ili apate nafasi ya kujibu. Aandike pingamizi kwa ile kampuni iliyotoa ripoti, wao wana siku 30 za kuchunguza, kwa kawaida. Kukamatwa kulikopita miaka 7 bila hukumu hakutakiwi kuonekana kwa kazi nyingi, ila kazi za mshahara wa dola 75,000 kwenda juu kikomo hicho hakizihusu. Hukumu hazina kikomo kwenye sheria ya taifa, baadhi ya majimbo yameweka vyao.

#29 Mtoto_wa_Januari
Kibatari, "rafiki" kazaliwa 1 Januari?

#30 Kibatari
Nimekubali. Ni mimi. Na ndiyo, 1 Januari.

#31 Chandarua
Turudi kwa Mti_Mkavu. Mimi nadhani mwendesha mashtaka hakufungua kesi. Watu wanakamatwa, wanapandishwa mara moja kwa ajili ya dhamana, halafu mashtaka hayaletwi. Mahakamani hakuna kesi ya kutafutwa. FBI wanabaki na kukamatwa kunakoning'inia milele.

#32 Dungu_la_Kale
Kama hakukufunguliwa kesi alikwenda mara ya pili kufanya nini? Kunywa maji?

#33 Chandarua
Alikwenda kuambiwa haijafunguliwa, mzee wangu. Ndiyo maana akaonyeshwa mlango. Na ikiwa ni hivyo, anayeweza kumpa barua ni ofisi ya mwendesha mashtaka, siyo karani.

#34 Nyundo7
Safari hii sijakosea: FBI hawarekebishi kwa mdomo. Wanahifadhi walicholetewa. Unapeleka pingamizi, halilipiwi, lakini wao watairudia ofisi iliyowaletea. Kwa hiyo bila karatasi ya mahakama au ya mwendesha mashtaka unazunguka duara.

#35 MkalimaniWaZamu
Kweli kabisa Nyundo7. Tumekusamehe PACER.

#36 Mti_Mkavu
Wakuu, mrejesho. Jana nilipekua sanduku la zamani, lile la kuja nalo. Chini ya makoti nimekuta risiti ya dhamana, ya pinki, imefifia, imekunjwa mara nne. Jina langu limeandikwa la babu kwanza kama alivyosema #12, na tarehe ya kuzaliwa wamegeuza siku na mwezi. Kuna namba: inaanza na 11, halafu herufi M, halafu tarakimu tano, ya mwisho imekaa kwenye kunjo, sijui ni 3 au 8.

Hiyo M ni nini?

#37 DerevaWaMasafa
M ni "municipal", mahakama ya mji. Nilisema.

#38 Wakili_Bubu
Kwingi M ni "misdemeanor", yaani kosa dogo, lile lisilo la jinai kubwa. Haisemi ni mahakama gani.

#39 Dungu_la_Kale
Kule kwetu M ilikuwa mikrofilamu.

#40 MkalimaniWaZamu
Mzee, kesi haiwezi kuandikwa mikrofilamu siku mtu analipiwa dhamana 😀 Mti_Mkavu, namba ya risiti ya dhamana si lazima iwe namba ya kesi, nyingine ni ya kitabu cha jela. Lakini ni mlango. Nenda nayo halisi, siyo picha ya simu. Jaribu 3, jaribu 8. Kaunti kwanza kwa jina lililogeuzwa, wakisema hamna vuka barabara uende mji, kisha mwendesha mashtaka. Popote wanaposema hamna, usiondoke bila barua yenye muhuri.

#41 Mama Zawadi
Na ile picha ya risiti uliyoiweka kwenye #36 iondoe, jina na namba vinasomeka mpaka huku kwangu kwenye simu ndogo.

#42 Mti_Mkavu
Nimeitoa. Jumanne nina mapumziko, naanza na kaunti saa mbili asubuhi wakifungua.

#43 Kibatari
Niliiona kabla hujaitoa. Mimi nasema ni 8.